Suali na Jawabu: Darubini ya Angani Inageukaje Bila ya Pa Kukanyaga?

Tangu tulipochapisha picha za darubini ya Webb, barua zinazotufikia kutoka Unguja na Pemba haziulizi tena juu ya picha. Zinauliza juu ya mashine: inageuka vipi, inalenga vipi, na ikiharibika huwaje. Tumefurahi mno, maana hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Darubini yenye kioo safi kabisa, ikitikisika kidogo tu wakati wa kupiga picha, hutoa ukungu. Tumechagua barua saba.

SUALI: Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete. Skuli tumefundishwa kwamba huendi mbele mpaka usukume kitu nyuma. Huko juu hakuna ardhi, hakuna maji, hewa ndiyo hiyo haipo. Darubini ya Hubble inasukuma nini hata ikageuka?

JAWABU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Ulichofundishwa ni sawa, na angani hakibadiliki. Kinachokutatiza ni kuwa umechanganya kuhama na kugeuka. Ili kihame, chombo lazima kitupe kitu nje. Ili kigeuke papo kilipo, kinatosheka na kitu cha ndani ambacho kinaweza kukizungusha kwa upande wa pili.

Ndani ya Hubble mna magurudumu manne mazito ya chuma, kila moja lina uzito wa kilo 45 hivi, na kila moja lina mota yake inayotumia umeme wa sola. Mota ikiongeza mwendo wa gurudumu kwenda kulia, mwili mzima wa darubini, tani 11 na urefu wa mita 13.2, unaanza kugeuka kushoto. Gurudumu ni dogo, kwa hivyo huenda mbio, na linaweza kufika mizunguko 3,000 kwa dakika. Darubini ni kubwa, kwa hivyo hujikokota: kugeuka nyuzi 90 huichukua kama dakika 15, mwendo ule ule wa mshale wa dakika kwenye saa ya ukutani. Ikifika inapotakiwa, mota hulipunguza gurudumu mwendo, na darubini husimama. Hakuna kilichotoka nje, wala hakuna mafuta yaliyochomwa.

Kwa pande zote tatu za kugeukia yangetosha magurudumu matatu. La nne ni la akiba, na yote yamefungwa kimshazari ili matatu yoyote yatakayobaki yaweze kugeuza kila upande.

Jaribuni darasani. Tafuteni kiti cha ofisi kinachozunguka na gurudumu la mbele la baiskeli lililofunguliwa na ekseli yake. Kaa kitini, inua miguu, shika ekseli kwa mkono mmoja ikiwa imesimama wima, na kwa mkono wa pili lizungushe gurudumu kwa nguvu. Kiti kitakwenda upande wa pili. Likamate gurudumu, nawe utasimama. Ikiwa hamuoni kitu, kwanza angalieni kiti, kwani beringi zilizokauka humeza nguvu yote. Kisha ongezeni uzito kwenye rimu kwa kuzungushia waya mnene. Uzito uliofungwa karibu na ekseli hausaidii sana.

SUALI: Maalim, kugeuka nimekubali. Inajuaje imeelekea wapi? Mimi nikiwa baharini usiku ninazo nyota na dira, na bado napotea. (Mvuvi, Mkoani)

JAWABU: Nayo inatumia nyota, nahodha. Dira haiwezi kuisaidia kwa usahihi inaoutaka. Vifaa vyake viko vya ngazi tatu, na kila kimoja kinasahihisha kosa la mwenzake.

Ngazi ya kwanza ni jairo. Ndani ya kila jairo ya Hubble mna kigurudumu kinachozunguka mara 19,200 kwa dakika, ndani ya silinda inayoelea kwenye majimaji mazito. Darubini ikigeuka hata kidogo, jairo inahisi na kutoa hesabu ya mwendo wa kugeuka. Udhaifu wake ni kwamba inapima mwendo tu, haijui mahali. Kompyuta inajumlisha ule mwendo ili kupata mahali, na kila kosa dogo linajumlishwa humo humo. Baada ya muda hesabu inakwenda kombo.

Ngazi ya pili ni kamera za nyota. Hizi hupiga picha ya kipande kipana cha mbingu, hulinganisha mpangilio wa nyota na orodha iliyomo kwenye kompyuta, na husema: tumeelekea hapa. Hapo hesabu ya jairo inanyooshwa.

Ngazi ya tatu ndiyo inayofanya picha ziwezekane. Hubble ina vihisi vitatu vya kulengea vinavyotazama pembezoni mwa uwanja ule ule wa kioo kikuu. Kabla ya kila kazi, wataalamu walioko Baltimore, Marekani, huchagua nyota za kuongozea kutoka kwenye orodha ya mamilioni ya nyota iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Darubini ikishageuka, vihisi viwili huzitafuta nyota zao kwa kuzunguka kama konokono kuanzia pale zinapotarajiwa kuwa, kisha huzing'ang'ania. Nyota moja ingezuia darubini isiyumbe juu, chini na pembeni, lakini ingeweza bado kujizungusha ikiizunguka nyota hiyo. Ya pili ndiyo inayozuia hilo.

Usahihi wake ni huu: chukua nyuzi moja, igawe mara 3,600, upate sekunde ya pembe. Hubble inatulia ndani ya 0.007 ya sekunde hiyo kwa saa 24. Ungesimama Forodhani ukamulika mwale mwembamba hadi Dar es Salaam, masafa ya kilomita 70 hivi, ukiwa na utulivu huo doa lake lisingehama hata milimita 3.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni nyota yenyewe. Orodha inasema nyota moja, kumbe ni nyota mbili zilizokaribiana, au ni galaksi ya mbali. Kihisi kinashindwa kuikamata, muda unapita, na kazi inarudiwa siku nyingine. Darubini ya Ulaya iitwayo Euclid, iliyorushwa tarehe 1 Julai 2023, ilipata shida ya aina nyingine: chembe za mionzi kutoka angani zilikuwa zikigonga kihisi chake na kuacha vidoa vinavyofanana na nyota, basi nyota za kweli zikawa zinapotea ndani ya zile za uongo, na baadhi ya picha zikatoka na michoro ya vizingo. Ilibidi programu ya kulengea iandikwe upya kwa sehemu na kupelekwa huko juu, na kazi ikaendelea.

SUALI: Kwa nini wasitie vijiroketi vidogo tu, wakaachana na magurudumu? (Msomaji, Jang'ombe)

JAWABU: Kwa Hubble sababu kubwa ni kioo. Gesi ya roketi ingetanda karibu na darubini na kuganda kwenye vioo na vihisi, kwa hivyo Hubble haina kijiroketi hata kimoja. Sababu ya pili ni kuwa mafuta huisha, na umeme wa sola unapatikana kila siku.

Ila magurudumu nayo yana mpaka wake, na watu wengi hawaujui. Darubini husukumwa kidogo kidogo na vitu vya nje. Hubble iko kama kilomita 500 juu, na huko bado kuna hewa, nyembamba mno. Tena mvuto wa dunia unauvuta zaidi upande wa darubini ulio karibu na ardhi kuliko ule wa mbali. Ili isigeuzwe, magurudumu lazima yazidi kwenda mbio siku hadi siku, mpaka yafike mwisho wa uwezo wake. Likifika mwisho, gurudumu haliwezi kusaidia tena kwa upande huo.

Hapo ndipo yanapohitaji kutuliwa mzigo. Hubble ina fito nne kubwa za sumaku ya umeme. Zikipitishiwa umeme, husukumana na sumaku ya dunia. Msukumo ni mdogo, lakini unatosha kuyapunguza magurudumu mwendo bila ya darubini kugeuka. Kompyuta hufanya hivyo muda wote, huku inasoma uelekeo wa sumaku ya dunia mahali ilipo.

Webb hawezi kufanya hivi. Yuko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na sumaku ya dunia huko haifai kitu. Anayemsukuma ni jua lenyewe: mwanga hugonga pazia lake la kujikinga na jua, la mita 21 kwa 14, na kutaka kumpindua. Wamemtilia ubawa mdogo nyuma ya pazia ili kupunguza msukumo huo, lakini hauondoki wote, na magurudumu yake sita yakijaa hutuliwa kwa vijiroketi vinavyotumia mafuta yaitwayo haidrazini. Vijiroketi hivyo viko upande wa jua wa lile pazia, mbali na vioo.

SUALI: Mimi ni fundi wa feni na mashine za kufulia, Darajani. Chochote kinachozunguka siku moja beringi zake hulia. Hizi za angani nani anazibadilisha?

JAWABU: Fundi, umegusa penyewe. Zipo darubini ambazo hazikufa kwa kioo wala kwa kamera. Zimekufa kwa kitu kinachozunguka.

Za Hubble zilibadilishwa na watu, kwa kuwa iko karibu na ilitengenezwa ifunguke. Wanaanga waliiendea mara tano: 1993, 1997, 1999, 2002 na 2009. Sehemu iliyoisumbua zaidi ni jairo. Umeme wa kile kigurudumu cha ndani hupita kwenye vijiwaya vyembamba kama unywele vilivyozama kwenye yale majimaji mazito. Wakati wa kujaza, majimaji yalisukumwa kwa hewa ya kawaida, na oksijeni iliyobaki ndani ikafanya vijiwaya viliwe polepole hadi vikakatika. Baadaye wakatumia naitrojeni. Novemba 1999 jairo ya nne kati ya sita ilipokufa, darubini ilijifunga na kulala katika hali ya usalama hadi wanaanga walipofika Desemba. Mwaka 2009 zilitiwa mpya zote sita, baadhi yake zikiwa na vijiwaya vilivyoboreshwa, na zilizodumu ni hizo. Juni 2024 jairo moja kati ya tatu zilizobaki ilizidi kutoa hesabu za uongo, na tangu hapo Hubble inafanya kazi kwa jairo moja, nyingine nzima ikiwekwa akiba. Nafasi ya zilizokosekana imechukuliwa na vihisi vya jua, vipimo vya sumaku na kamera za nyota. Gharama yake ni muda: kukamata nyota kunachelewa, kazi zinapungua kama asilimia 12, na haiwezi tena kufuata kitu kinachokwenda kikiwa karibu nasi kuliko sayari ya Mirihi.

Magurudumu ya kugeuzia ni habari nyingine. Darubini ya Kepler, iliyorushwa Machi 2009, ilikuwa mbali na hakuna mtu wa kuifuata. Gurudumu lake la kwanza lilikufa Julai 2012. La pili likaanza kuwa zito, yaani mota ilihitaji nguvu zaidi ili kuliweka kwenye mwendo ule ule, dalili ambayo wewe unaisikia kwa sikio nao wanaisoma kwenye tarakimu. Januari 2013 waliyapumzisha magurudumu siku kumi wakitaraji mafuta yatajisambaza upya ndani ya beringi. Haikusaidia, na Mei likasimama.

Mafuta unayotumia wewe hayafai kabisa huko, kwani penye ombwe, yaani pasipo na hewa, huondoka kama mvuke. Wanatumia mafuta maalumu yasiyopukika kirahisi, kwa kiasi kidogo sana, na hakuna wa kuongeza. Baadhi ya wahandisi wameonyesha sababu nyingine pia: dhoruba za jua hukipa chombo chaji ya umeme, cheche ndogo zikapita kati ya gololi na njia yake, na uso wa chuma ukachimbika. Ndiyo maana magurudumu mengi mapya yana gololi za kauri, zisizopitisha umeme.

Kilichofuata kwa Kepler kinastahili sifa. Wahandisi walibaki na magurudumu mawili, yaani pande mbili tu. Upande wa tatu wakaukabidhi kwa mwanga wa jua. Waliielekeza darubini kwa namna ambayo mwanga ulipiga sawasawa pande zote mbili za paneli zake, ikasimama kwenye uwiano huo, na kila saa sita hivi kijiroketi kikaisahihisha. Kwa mpango huo ilibidi itazame tu maeneo yaliyo kwenye njia ya jua mbinguni, na kila eneo kwa siku 80 hivi. Ilifanya kazi hivyo kuanzia 2014 hadi mafuta yalipoisha, Oktoba 2018.

SUALI: Nimesikia Webb "amesimama" mahali pamoja. Kama amesimama, vijiroketi vya kusahihisha njia ni vya nini? (Mwalimu, Mahonda)

JAWABU: Hajasimama. Analizunguka eneo ambalo mvuto wa jua na wa dunia kwa pamoja humfanya aende sawa na dunia yetu, na mzunguko mmoja huchukua miezi sita hivi. Eneo hilo haliwezi kumshikilia: akiteleza kidogo kuelekea jua ataendelea kuteleza upande huo, na akiteleza nje, vivyo hivyo. Kwa hivyo kila siku 21 hivi hupangiwa msukumo mdogo wa kumrejesha.

Ugumu ni kwamba vijiroketi vyake haviwezi kumsukuma kuelekea jua. Ili kufanya hivyo angelazimika kugeuka, na jua lingepiga vioo vilivyozoea baridi ya nyuzi 220 hadi 240 hasi hivi. Basi hawaruhusu kamwe apite upande wa nje. Hata roketi ya Ariane iliyomrusha tarehe 25 Desemba 2021 ilipangwa impe mwendo pungufu kidogo kwa makusudi, uliobaki akauongeza mwenyewe. Ariane ilifanya kazi yake vizuri mno hata mafuta yaliyookolewa yakatosha zaidi ya miaka 20.

Pazia hilo hilo linamfunga pia katika kutazama. Wakati wowote anaona kama asilimia 40 tu ya mbingu, na akisubiri miezi sita ataweza kuona zote. Akishalenga, kihisi chake kilichotengenezwa Kanada husoma mahali pa nyota ya kuongozea mara 16 kwa sekunde, na kioo kidogo cha ndani hujigeuza kufidia kila mtikisiko ambao magurudumu hayawezi kuuwahi.

SUALI: Naomba mfano mmoja wa darubini iliyopotea kwa sababu ya kulenga tu. (Mwanafunzi wa chuo, Tunguu)

JAWABU: Hitomi ya Japani. Ilirushwa tarehe 17 Februari 2016 ili kupokea miale ya eksi, na tarehe 26 Machi ikavunjika vipande. Hakuna kilichoigonga.

Ilianza ilipomaliza kugeukia kitu kipya. Kamera ya nyota ilikatika kwa muda, na kompyuta ikabaki na hesabu ya zamani isemayo kwamba chombo kinazunguka nyuzi 21.7 kwa saa. Ukweli ni kuwa kilikuwa kimetulia. Magurudumu yakajitahidi kuuzuia mzunguko ambao haupo, na kwa kufanya hivyo yakakizungusha chombo kweli. Fito za sumaku zilizotakiwa kuyatua mzigo zikashindwa, kwani kompyuta haikujua tena chombo kimeelekea wapi. Magurudumu yalipokaribia kujaa, mfumo ulijiokoa kwa njia ya mwisho, yaani kutumia vijiroketi. Lakini namba za kuviongoza, zilizopelekwa wiki chache nyuma, zilikuwa na kosa. Badala ya kuzuia mzunguko, vikauongeza, mpaka paneli za sola zikakatika.

Angalia kwamba kila hatua hapo peke yake ingeweza kurekebishwa. Chombo kilikuwa na kihisi cha jua ambacho kingeweza kusema wazi kwamba hesabu si za kweli, ila mfumo haukupangwa ukisikilize. Japani ilijenga nyingine, XRISM, ikairusha Septemba 2023.

SUALI: Babu yangu aliwahi kunambia palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani hapa Unguja. Je, darubini hizi nazo zinaongozwa kutoka vituo kama hicho? Na naweza kuiona Hubble kutoka Nungwi? (Msomaji, Nungwi)

JAWABU: Babu yako kasema kweli. Kituo kilikuwa Tunguu, kimoja kati ya vituo vilivyozunguka dunia vya Mercury, mpango wa Marekani wa kupeleka watu angani, na kilikuwa kazini mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962. Kilifungwa 1964, baada ya Mapinduzi. Wakati ule vituo vilihitajika vingi kwa sababu chombo kilionekana kwa dakika chache tu kikipita juu ya kila kimoja. Siku hizi Hubble huzungumza na satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu, nazo hupeleka maneno Marekani. Webb husikilizwa na antena kubwa za California, Madrid na Canberra. Kwa masafa yake amri huchukua sekunde 5 kumfikia, na jawabu sekunde 5 nyingine, kwa hivyo hakuna anayemshika usukani. Hupelekewa orodha ya kazi, akazifanya mwenyewe moja baada ya moja, na akikosa nyota ya kuongozea huiruka kazi hiyo akaenda ya pili.

Pwani yetu ina fungu lake hasa kwenye darubini. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa unajimu wa miale ya eksi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, nayo ikaitwa Uhuru. Haikulenga kitu kimoja kama Hubble. Ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia mbingu ukanda kwa ukanda, na mhimili wake uligeuzwa kwa kusukumana na sumaku ya dunia.

Ama kuiona Hubble, Nungwi ni mahali pazuri, kwani njia yake hufika hadi nyuzi 28.5 kaskazini na kusini ya ikweta na sisi tuko ndani yake. Tia programu ya kufuatilia satelaiti kwenye simu, weka mahali pako Nungwi, na tafuta namba ya Hubble, 20580. Chagua mapito yaliyo kati ya saa moja kasorobo na saa mbili kasorobo usiku, au saa kumi na moja kasorobo na saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, na yapandayo juu zaidi ya nyuzi 40. Wakati mwingine wa usiku huwa imeingia kwenye kivuli cha dunia. Utaona nukta inayong'aa bila ya kumetameta ikitoka magharibi kwenda mashariki kwa dakika chache. Ikiwa ina taa nyekundu inayowaka na kuzima, hiyo ni ndege. Kuna wiki ambazo haipiti saa hizo kabisa, basi tazama tena wiki ya tatu au ya nne.